Sabina Aliyewatandikia Wageni

Sabina Nkwabi hakulelewa kuombaomba. Baba yake alikuwa katekista, marehemu mumewe mwalimu mkuu, na yeye mwenyewe aliufanya uuguzi mpaka akastaafu bila doa. Kiwanja cha zahanati, upande wa Busisi, ng'ambo ya ziwa, kilitolewa na ukoo wa mumewe. Ndiyo maana watu walimwita mwenye zahanati, ingawa alikuwa mwenyekiti wa kamati tu, naye hakuwahi kuwakataza.

Mkunga pekee wa pale, Gladness, alilipwa na mradi wa nchi rafiki. Mwaka huo nchi hiyo ilizuia fedha, kwa kuwa serikali mbili hazikuelewana nani akague matumizi. Wakubwa walikutana Dodoma, wakaachana, wakakutana tena. Mkataba wa Gladness ulikuwa unakaribia kwisha.

"Rafiki gani anakaa na ufunguo wa stoo yako?" alisema Pravin, mwenye duka la magodoro Mabatini. "Huyo ni mwenye nyumba wako, mama."

"Wewe unayemnyima kila mtu mkopo ndiye wa kusema?"

"Wewe sikunyimi. Nakuogopa."

Ndipo Luhende, mtoto wa shemeji yake, aliyekuwa wizarani miongoni mwa wanaojadiliana, akapiga simu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Wajumbe wao wanakuja kuona zahanati. Tafadhali, acha kila kitu kama kilivyo. Wakiona wazazi wanalala chini, tutakuwa na la kusema mezani."

"Nimekusikia," alijibu Sabina, wala hakusema amekubali.

Aliwaza moyoni: wazungu wawapige picha wanawake wamelala kwenye mikeka, juu ya ardhi ya Nkwabi? Tangu aolewe, hakuna mgeni aliyeingia uani kwao pakiwa hapajafagiliwa. Akaazima magodoro kwa Pravin, akatoa mashuka ya harusi yake kabatini, akatundika mapazia ya kanisani. Maboksi matupu ya dawa aliyapanga rafuni kama yamejaa. Wajawazito aliwapeleka nyumbani kwake wakanywe uji mpaka wageni waondoke.

Wajumbe walikuja, wakala sato na ugali wa muhogo. Mama aliyewaongoza alilishika shuka, akatabasamu. Mkalimani akasema, "Anasema mmefanya mengi bila wao." Siku hiyo Sabina alitembea kichwa juu.

Baada ya kikao cha Dodoma, Luhende alipiga tena. Safari hii hata salamu alisahau.

"Mama mdogo, ulitandika?"

"Nilitandika."

"Wamesema zahanati inajiendesha, hakuna haraka. Fungu letu limesogezwa mpaka mwaka mwingine wa fedha."

Sabina alikaa kwenye benchi la wagonjwa. "Waambie vilikuwa vya kuazima. Nitasema mwenyewe, kwa jina langu." Maneno hayo hakuwahi kufikiri yangetoka kinywani mwake.

"Ugomvi wote, mama, ni kwamba wanadai tunawaonyesha yasiyokuwepo. Ukisema hivyo umewapa ushahidi. Watafunga na zahanati za wilaya nyingine."

"Kwa hiyo ninyamaze."

"Nyamaza, mama."

Gladness alipata kazi Geita. Alipokuja kuaga, Sabina alimweleza yote, akingoja alaumiwe.

"Mayu, hata mimi ningetandika," alisema Gladness, kwa heshima ya mtoto kwa mama yake. Sabina aliona heri angemgombeza.

Haikupita wiki, bodaboda ikasimama mlangoni pa zahanati. Binti wa Paulo, jirani yake, alikuwa ameshikwa na uchungu, kajifunga kanga mbili kiunoni, anauma midomo. Sabina aliitazama mikono yake mwenyewe, iliyotetemeka miaka hii hata kumimina chai, akajua haiwezi.

"Mpeleke Usagara, kwenye mkunga," alimwambia dereva. "Vuka daraja, usisimame popote."

"Huyu atafika, mama?"

Pikipiki iliondoka, binti kaegemea mgongo wa dereva, na wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakasogea.

"Kulikoni? Nesi yuko wapi?"

Sabina alijiweka sawa kilemba. "Yuko likizo," akasema, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.