Ua wa Kayaba wa Mama Judy

Rahab Waithera, ambaye mtaa mzima wa Kitengela anakokaa unamwita Mama Judy, alizaliwa Nyandarua. Na kwao Nyandarua mtu akipata shamba, kabla hata hajachimba choo, anapanda kayaba kuzunguka mpaka, ule mti wa miiba inayotoboa hadi viatu vya gamubuti. Ndivyo alivyolelewa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mtaa wao ulikuwa na uwanja mdogo wa watu wote, uliogeuzwa jaa. Nepi, matumbo ya kuku, mizoga ya mbwa! Watu wazima, wenye magari mazuri, walikuwa wakiteremsha kioo, wanatupa mfuko, wanaenda zao, macho makavu. Rahab akasema imetosha. Yeye na jirani yake Naipanoi, muuza maziwa, wakaanza kuzoa. Majirani wengine wakaona aibu, wakaja na majembe kila Jumamosi. Wakapanda nyasi na miti, wakainyweshea maji waliyofulia nguo, kwa maana maji ya kununua kwa lori la boza si ya kuchezea. Watoto wa mtaa, waliokuwa wakicheza barabarani katikati ya malori, wakapata pa kuchezea.

Rahab alipoleta miche ya kayaba, Naipanoi alishangaa.

"Mama Judy, ya nini? Sisi Wamaasai mahali pa watu wote hatufungi."

"Ngoja uone mbuzi wakimaliza hii nyasi. Kitu bila fensi si cha mtu!"

Miaka ikapita, ua ukafunga kabisa, ukabaki mwanya mmoja wa kuingilia. Asubuhi moja wakakuta mwanya umewekwa geti la chuma, kufuli juu, na kibao: MALI YA MTU BINAFSI. Mtu mwenyewe ni Githongo, tajiri wa nyumba za kupangisha. Hakuwahi kuokota hata karatasi pale. Ati ua ule aliupanda yeye!

Rahab akafunga safari hadi Kajiado kwa afisa wa ardhi, kushtaki.

"Mama, uwanja wa umma haufungwi kayaba," afisa akamwambia. "Nani apande kayaba mahali si pake?"

"Niliipanda mimi!"

"Kumbe! Basi ni wewe ulitaka kunyakua."

Lo! Rahab, aliyezoa nepi za watu kwa mikono yake! Na kilichomuuma zaidi ni kwamba Githongo ni mtu wa kwao, alijua vizuri kayaba inasema nini: hapa pana mwenyewe.

Aliporudi hakupita nyumbani. Aliazima panga kwa Naipanoi, akaanza kukata. Naipanoi akaleta shoka. Majirani wakatoka mmoja mmoja. Miiba iliwararua mikono, na Rahab alikata huku akilia kwa hasira, mti mmoja baada ya mwingine, kila mmoja alioubembeleza ukiwa mche.

Githongo akafika mbio. "Mnaharibu ua wangu! Nitawafunga!"

"Tufunge!" Rahab akamjibu. "Lakini uanze na mimi."

Hakuna aliyesimama kumsikiliza. Jioni ua wote ulikuwa chini, pande zote nne. Geti lilibaki limesimama peke yake na kufuli lake, na watoto wakapita kando yake wakiingia kucheza, huku Githongo ameshika funguo mkononi.