Mchumaji wa Kimulot Anayejua Kwamba Anaota

Umande bado umelala juu ya majani. Ombui Gichana anaweka ufito wake mrefu juu ya michai, anainama mpaka shavu linakaribia kugusa majani, anafumba jicho moja na kuchungulia. Chipukizi zilizopita juu ya ufito ni za kuchumwa leo. Zilizo chini zitangoja. Anachuma kwa mikono yote miwili, anatupia kikapuni mgongoni bila kugeuka, anasogeza ufito, anainama tena.

Wachumaji wengine wa Kimulot huweka ufito wanapoanza mstari, kisha jicho linazoea na mkono unajua wenyewe. Ombui anauweka kila anaposogea. Wenzake walimcheka, wakachoka kumcheka, sasa wanampita tu.

"Bila fito sijui kama chai iko sawa," anasema, kichwa bado kimeinama. "Nikikisia, kichwa inaniuma."

Ufito huohuo ndio unaomwambia kama yuko macho au amelala.

Ombui, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, huota akiwa anajua kwamba anaota. Hajawahi kujifunza jambo hilo kwa mtu. Anasema tangu alipoanza kazi ya chai, ndoto zake nyingi ni za shambani, na humo pia anachuma, na humo pia anaweka ufito.

"Lakini fito ya ndoto hailali. Inazama," anaeleza. "Chai ya ndoto haina meza, ule usawa wa juu. Naweka fito, inaingia ndani kama nimeiweka kwa maji. Basi najua, Ombui, hapa umelala. Sasa fanya ile unataka."

Na anataka nini? Mtu angetarajia kusikia habari za kuruka angani, au za kumiliki magari. Ombui anatikisa kichwa.

"Kuruka sipendi. Napenda kutembea. Naingia msitu wa Mau mpaka ndani, na nyati ananiangalia tu. Halafu napunguza kelele."

Kelele ndizo zinazomtesa akiwa macho. Mashine za kuchumia zinaponguruma kwenye mashamba makubwa ng'ambo ya bonde, yeye huziba masikio kwa vipande vya sponji na kuendelea na kazi, uso umekunjamana. Ndotoni, anasema, mashine hizo huzipunguza sauti kama redio.

Alizaliwa Nyamira, akaletwa Kericho akiwa mdogo na mama yake, aliyekuwa kibarua wa chai. Shule aliiacha darasa la sita. Si kwamba alishindwa na hesabu. Darasa lilikuwa na watoto wengi, wote wakisoma kwa sauti, na siku moja alitoka nje, akakaa chini ya tangi la maji, akakataa kurudi.

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa anachuma chai katika shamba dogo la Tecla Chepkurui, mjane anayefuga pia ng'ombe wa maziwa. Analipwa shilingi kumi kwa kilo. Mvua ikiwa nzuri anafikisha kilo arobaini kwa siku, pungufu ya wenzake, lakini kwenye kituo cha majani kikapu chake hakirudishwi. Anaishi hapohapo shambani, chumba kimoja cha mbao karibu na zizi.

Neno usonji alilisikia kwa mara ya kwanza mwaka jana. Dada yake, Nyambeki, anayeuza nguo mjini Kericho, alimpeleka binti yake mdogo, Nyamusi, kwenye kliniki moja kwa sababu mtoto alikuwa haangalii watu usoni na alilia akibadilishiwa kikombe.

"Nilimuuliza mama maswali kuhusu mtoto," anakumbuka Nicholas Obure, mtaalamu wa afya ya akili aliyewahudumia. "Kila swali ananijibu, 'Hiyo ni mjomba wake kabisa.' Mwishowe nikamwambia, basi mlete na huyo mjomba."

Ombui aliletwa. Alijibu maswali asubuhi nzima, akaambiwa kwamba yeye pia ana usonji, kwamba ubongo wake umeumbwa ukifanya kazi kwa namna yake tangu tumboni.

"Nikauliza dawa yake ni gani. Akasema si ugonjwa," Ombui anasimulia. "Nikarudi Kimulot kuchuma."

Ni alipoulizwa kuhusu usingizi ndipo habari za ufito unaozama zilipotoka. Nicholas anasema aliweka kalamu chini.

"Wako watafiti wanaojiuliza kama watu wenye usonji huota hivi zaidi ya wengine. Jibu halijakaa sawa, na mimi sitamdanganya mtu kwamba limekaa," anasema. "Inawezekana mtu aliyezoea kuangalia kitu kimoja kwa makini mchana kutwa, usiku anaendelea kuangalia. Inawezekana pia ni Ombui tu, na usonji hauhusiki. Mimi nataka kujua kama vile wewe unataka kujua."

Kijijini habari zilienea kwa njia ya Ombui mwenyewe, maana akiulizwa jambo hulijibu. Ojwang, anayebeba maziwa kwa pikipiki, ndiye aliyeanza mzaha, na hadi leo hajauacha.

"Ombui! Leo ukilala pitia Kisumu uniletee samaki!"

"Samaki wa ndoto hashibishi," Ombui humjibu, bila kucheka.

"Lete tu, kaka, nitaota ugali!"

Lakini si wote waliofanya mzaha; Tecla hakufanya. Mzee Kiplangat, mume wa Tecla, alifariki miaka minne iliyopita. Alianguka njiani akitoka kupeleka maziwa, na hakufika hospitali. Usiku uliotangulia walikuwa wamekosana. Mzee alikuwa amempa ndugu yake mtamba bila kumwuliza mkewe, na Tecla alimpa mgongo kitandani. Asubuhi hakumtengea chai. Mzee alitoka, na ndivyo walivyoachana.

Tecla anasimulia hayo akiwa ameketi kwenye kiti kifupi mlangoni pa jikoni, akifunga na kufungua pindo la leso. Haharakishi.

"Niliomba. Niliomba sana," anasema. "Mungu anasamehe, hilo najua. Lakini huyu mtu mwingine, je? Aliondoka na neno gani moyoni? Hapo ndipo nilikuwa nashindwa kulala."

Asubuhi moja mwezi wa Januari, Ombui alipokuja kuchukua uji wake, alisema kwamba usiku alikuwa amekaa na mama yake aliyekufa zamani, na kwamba alimwomba ampikie uji wa wimbi naye akampikia. Tecla alibaki na kijiko mkononi.

"Unaweza kumwita mtu?" alimuuliza.

"Naweza."

"Basi mwite mzee. Umuulize kama ana neno na mimi."

Ombui alikubali, kama alivyozoea kukubali akitumwa dukani. Baada ya siku chache alirudi na jibu. Alikuwa amemkuta mzee kwenye mistari ya juu, amevaa koti lake la kijivu. Alimuuliza. Mzee akasema, "Sina neno na mama."

Tecla alilia mpaka majirani wakaja. Kisha akalala usiku kucha, mara ya kwanza kwa muda mrefu. Jumapili iliyofuata alivaa vizuri, akasimama kanisani wakati wa shuhuda, akaeleza jinsi Bwana alivyomtumia Ombui kumletea amani. Watu walipiga makofi. Wengine walianza wimbo.

Ombui alikuwa nyuma, karibu na mlango, mahali anapokaa siku zote ili spika isimuumize. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi. Hakuna aliyemwona, kwa hiyo akasimama.

"Mama, hapana. Si mzee alisema," alitamka. "Ni mimi nilimchagulia aseme hivyo. Kwa ndoto kila mtu anasema ile mimi nimechagua."

Wimbo ulikatika. Mtu mmoja alicheka, mwingine akakemea, "Shindwa!" Mchungaji aliomba watu wafumbe macho.

"Nilitamani sakafu inimeze," anasema Tecla. "Mbele ya watu wote! Nikafika nyumbani nikamwambia, chukua vitu vyako. Usikanyage chai yangu tena."

Ombui alichukua vitu vyake, akaufunga ufito pamoja na blanketi, akaenda kwa dada yake Kericho. Hapo alipoteza kazi, chumba na mahali pekee penye utulivu anaoweza kuustahimili. Nyumba ya Nyambeki iko nyuma ya gereji. Alikuwa anakaa ndani mchana kutwa na sponji masikioni.

"Nilimgombeza," Nyambeki anakiri. "Nikamwambia, wewe ungenyamaza tu ungepungukiwa na nini? Mama wa watu alikuwa amefurahi. Akaniangalia hivi, akasema, 'Lakini haikuwa kweli.' Huyo ndiye kakangu."

Wachumaji aliowaajiri Tecla walikuwa wepesi, na meza ya chai ikaanza kupanda na kushuka. Hata hivyo, anasema, si chai iliyomtoa nyumbani. Ni usingizi. Ulikuwa umetoroka tena, na katika kukesha kwake alianza kuwaza jambo jingine.

"Nikasema, mtu mwongo angenyamaza. Makofi yalikuwa yake. Watu wangemletea kuku. Sasa huyu aliyakataa yote akabaki bila nyumba. Basi mtu kama huyo, akichagua neno, analichagua kwa sababu gani?"

Alifunga safari mpaka Kericho. Nyambeki alimkaribisha, akaweka chai. Ombui alikaa kwenye kona, akiangalia ukuta. Tecla hakuzunguka.

"Ombui, sijakuja kugombana. Nataka uniambie. Kwa nini ulichagua mzee aseme hana neno? Si ungechagua lingine?"

"Kwa sababu hakuwa na neno."

"Umejuaje?"

"Aliniambia."

"Si umesema kanisani hakusema!"

"Kwa ndoto hakusema," Ombui alijibu. "Alisema asubuhi ile ya kufa. Tukiwa macho."

Nyambeki anasema hapo aliiacha birika mezani, akakaa chini.

Ombui alieleza kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Asubuhi ile mzee alipita shambani kabla ya kupeleka maziwa. Aliinama kwenye ukingo wa chai, mahali saga, mboga chungu za kienyeji, huota zenyewe, akachuma majani na kuyasukuma kwenye mfuko wa koti. Alikuwa anacheka peke yake. Akamwambia Ombui, "Hizi ni za mama. Amenuna, na ana haki, nilikosa mimi. Jioni nitazipika mwenyewe aone maajabu."

"Saga?" Tecla aliuliza.

Maana saga zile alizipata. Walipomletea koti kutoka hospitalini, mfukoni mlikuwa na majani yamenyauka. Alidhani mzee aliyachuma njiani bila kufikiri, naye Tecla akawatupia ng'ombe.

"Kwa nini hukuniambia, Ombui?" alimuuliza. "Miaka yote minne!"

"Hukuniuliza," akasema. "Watu waliuliza kama alikuwa anaumwa. Nikasema hapana. Halafu wewe ukanituma nimuulize kwa ndoto. Ungeniuliza mimi ningekuambia."

Walirudi Kimulot pamoja siku hiyohiyo. Jumapili, Tecla alisimama tena kanisani. Anasema hakueleza mengi. Aliwaambia tu kwamba kijana alisema kweli, kwamba yeye ndiye alimfukuza, na kwamba jioni hiyo angepika saga, mwenye nafasi aje. Walikuja wengi, hata Ojwang, ambaye aliuliza kama kuna samaki.

Nicholas naye amekisikia kisa hicho. "Ndoto haikumletea habari mpya," anasema. "Ilikuwa inachota kwenye kitu alichokishika vizuri kuliko sisi tulivyojua. Je, kila aotaye hivi yuko hivyo? Hapo sasa tunaanza kuuliza upya."

Sasa liko jambo Ombui analotaka kulijaribu. Amechoka na watu wa ndotoni wanaosema analolitaka. Hata akimuuliza mama yake kama amekula, mama anajibu amekula, kwa kuwa Ombui alitaka kusikia hivyo. Anataka siku moja amwite mzee, amsimamie mbele, na asimchagulie neno lolote.

"Nimejaribu. Ni ngumu. Nikinyamaza huku, yeye naye ananyamaza kule. Anachuma tu." Anatupia majani kikapuni. "Lakini nitaendelea."

Na mzee akifungua kinywa, Ombui atajuaje kama ni mzee kweli, au ni akili yake mwenyewe imempita kwa mlango wa nyuma?

Kwa mara ya kwanza asubuhi hii Ombui anaacha kuchuma. Anaangalia upande wa msitu kwa kitambo.

"Sijui," anasema. "Ndio nataka kuona."

Tecla, aliyekuwa anapita na ndoo ya maziwa, amesikia. Anasimama mwisho wa mstari.

"Na akisema kitu, uje uniambie hapa nyumbani. Si kanisani!"

"Utaniuliza?" Ombui anataka kujua. Hatanii.

Tecla anaiweka ndoo chini.

"Nitakuuliza kila asubuhi," anasema. "Hata kama hujaota."