Tairi la Upande wa Baba

Kwa tairi moja tu, la mbele kushoto, nilimnunia jirani yangu wiki tatu nzima. Nalisema wazi kwa sababu wenzangu wananijua: mimi mdomo wangu hutangulia, akili inafuata baadaye na kandambili mkononi.

Baba alikuwa na kidonda cha sukari kwenye mguu. Kila Jumatatu na Alhamisi nilimpakia kwenye kigari changu kikuukuu, tukatoka Handeni alfajiri kwenda Korogwe, kwa daktari aliyeanza kumtibu. Daktari hakutuzungusha. Alisema kidonda kikisafishwa bila kukosa kitafunga. Tukikosakosa siku, tutakaa chini kuzungumza habari ya kukata mguu. Baba alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za mtu mwingine. Mimi ndiye niliyeogopa.

Basi tairi nalo likaanza vituko. Jioni tukirudi liko zuri, limejaa. Asubuhi nikitoka na ufunguo, limenywea, gari limeinama upande mmoja kama mtu mwenye jipu. Barabarani usukani ulinivuta kushoto mpaka mkono ukaniuma. Nikamwita fundi wa pancha wa pale kwetu. Akasema ni miiba ya migunga, huku kwetu kila pancha ni mwiba mpaka ithibitike vinginevyo. Akalivua, akalizamisha kwenye karai la maji, akalizungusha taratibu akitafuta mapovu. Hakuna. Akapaka mate kwenye mdomo wa kujazia upepo. Hakuna. Akabadilisha sindano ya ndani ya ule mdomo, akasugua rimu, akajaza. Siku hiyo tulifika Korogwe saa saba, chumba cha kusafishia vidonda kimefungwa. Wiki iliyofuata yakajirudia yale yale. Siku mbili zimepotea, na nesi alipofungua bendeji mara iliyofuata, alimwita mwenzake aje atazame.

Sasa gari langu hulala ubavuni mwa ua wa jirani, upande ule wa kushoto ukielekea kwake. Jirani ni mama wa Kimasai, mjane, mfugaji, na mteja wa dukani kwangu ninapouza dawa za mifugo. Mwezi uliotangulia mbuzi wake walikuwa wameingia kwenye mchicha wangu, nikampigia kelele mpaka majirani wakatoka. Nikajumlisha mbili na mbili, nikapata saba. Nikaenda mpaka mlangoni kwake nikamwambia aache kutoa upepo kwenye tairi langu, na kwamba baba yangu akikatwa mguu, damu hiyo iko juu yake.

Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Dada, mimi natembea kwa miguu. Upepo wa gari nitaupeleka wapi?"

Nikageuka, nikaondoka. Kuanzia siku hiyo akapita mbali na duka langu, dawa za ng'ombe wake akawa anaagiza kwa watu wengine. Nikajiambia, umeona? Mwenye hatia hujificha.

Ni fundi wa Korogwe aliyeniharibia hesabu zangu. Tulimkuta karibu na hospitali baada ya kidonda kusafishwa, nikamweleza kisa chote, pamoja na jirani. Hakutafuta hata maji. Alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya tairi, kisha akanishika mkono akanipapasisha mimi. Katikati kashata, yale meno ya mpira, zilikuwa bado ndefu. Pembeni, kulia na kushoto, zimelika zikawa laini. Akanieleza kwamba tairi likijazwa kupita kiasi huliwa katikati, gurudumu likikaa upogo tairi huliwa upande mmoja. Likiliwa pembeni pande zote mbili, limetembea siku nyingi na upepo mdogo.

"Mwizi wa usiku halili tairi hivi," alisema. "Mwizi wako mnasafiri naye."

Akajaza matairi yote sawa, akaniazima geji yake ya kupimia upepo. Nipime tukisimama njiani, na nipime alfajiri kabla gari halijasogea hata hatua moja, maana tairi lenye moto linadanganya. Upepo ukipata joto unavimba, ndiyo maana jioni nililiona zima.

Katikati ya njia kuna mabanda ya machungwa, na pale sisi husimama kila safari, kwenda na kurudi. Mimi hushuka kununua, baba hubaki akinyoosha mguu. Siku hiyo niligeuka kabla sijafika bandani, nikakumbuka geji. Nikamkuta baba amefungua mlango, ameinamia tairi la mbele la upande wake, kiganja kimoja kiko juu yake. Mkono wa pili ulishika njiti ya kiberiti, ameikandamiza kwenye mdomo wa upepo, upepo unalia ssss, na yeye anahesabu polepole kwa Kizigua.

Nilimuuliza anafanya nini. Akajibu kwa utulivu kabisa kwamba analipumzisha. Baba aliendesha lori la mkonge miaka mingi, na kwa madereva wenzake tairi likiunguza mkono, unalipunguzia pumzi lisipasuke. Alilihudumia hilo moja kwa sababu mguu haukumruhusu kuzunguka kwenye mengine. Na mbona hakuniambia? Aliniangalia kwa mshangao. Dereva hamwambii abiria kila anachofanya.

Nilikuwa nimeshika usukani mimi, lakini moyoni mwake abiria alikuwa mimi. Sikujua nicheke au nilie. Nikapima. Matatu yalisoma thelathini na nne, la kwake ishirini na tatu. Nikamweleza alichosema fundi, na lile alilonifundisha mwisho: tairi lenye upepo mdogo ndilo linalojikunja sana likikimbia, na ndilo linalopata moto kuliko mengine. Yeye akigusa moto anatoa upepo, akitoa upepo anaongeza moto.

Baba aliitazama ile njiti, akaivunja, akaitupa. Kisha akasema, "Kumbe huu mguu nilikuwa naukata mwenyewe."

Tulipofika nyumbani nilisema nitakwenda kwa jirani peke yangu. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, na mimi nilitaka kuchutama bila mashahidi. Baba akakataa. Akashuka, akashika bega langu, akatembea. Tangu kidonda kianze hakuwa amevuka geti kwa miguu yake.

Jirani alimletea kigoda, akamwamkia shikamoo. Baba alimwambia yote, njiti, kiganja, lori la mkonge, hakuficha kitu. Alipomaliza, yule mama hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi, akasubiri. Alikuwa na haki. Baba alikosea kwa upepo, yale ya damu niliyasema mimi. Nikapiga magoti nikamwomba msamaha, machozi yananitoka kwa aibu.

Aliniacha pale chini kwa muda kidogo. Kisha akainama, akaomba baba afunguliwe bendeji. Ni mtu aliyetibu vidonda vya ng'ombe maisha yake yote. Akatazama kingo za kidonda, akakinusa, akatazama tena.

"Nyama mpya inaota," alisema. "Inuka, dada. Alhamisi msikose."