Papa Kalombo na Bunduki ya Bei Chini

Wenzangu, tangu jana sijui uso wangu niufiche wapi.

Wiki iliyopita, kwenye saluni ninayofanya kazi hapa mtaa wa Sydenham, niliunguza nywele za bibi harusi kwa dawa. Bosi wangu, Papa Kalombo wa Kongo, hakunigombeza. Kisha nikamsikia kwenye simu: "Natafuta bunduki, semi-otomatiki. Iko ya bei chini? Hata ya zamani, bora inapiga."

Nikajua risasi ni yangu. Jana alipotoka bila kuaga, nikamwacha mteja na povu kichwani, nikakimbilia polisi.

"Bosi wangu anataka kuniua," nikamnong'oneza askari. "Ananunua bunduki!"

"Anaitwa nani?"

"Kalombo."

Askari akageuka, akaita kwa sauti: "Mista Kalombo!"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Papa akatoka, vidole vyote vyeusi kwa wino. Kumbe alikuwa akichukuliwa alama za vidole, aombe kibali cha bunduki, maana wezi wametuvunjia saluni mara mbili.

Akanitazama, mdomo wazi.

"Eish, Selemani! Na saluni umemwachia nani?"