Siagi Kwenye Cherehani ya Mama

Juzi nilikwenda Bugene kununua chumvi. Mbele yangu dukani alikuwapo kijana mmoja anayenunua taa ya karabai, na mwenye duka alikuwa akimwambia, "Chukua bila wasiwasi. Ikikusumbua kabla mwaka haujaisha, irudishe, tutakutengenezea bure." Kijana akacheka kama mtu aliyepewa taa mbili. Mimi nikageuka nikatoka. Nilikuwa nusu ya njia ya kurudi nyumbani nilipokumbuka kwamba chumvi sikununua.

Maneno kama hayo, ndugu yangu, niliyasikia nikiwa msichana mdogo, na mama yangu aliyaamini.

Baba alifanya kazi Buganda, akarudi na kikohozi na akiba kidogo. Kwa akiba ile alimnunulia mama cherehani ya mkono, kisha kikohozi kikamchukua. Tukabaki kwenye kibanja chake, nyumba na migomba yake, watu wanne: mama, bibi mzaa baba, mimi, na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Nikifumba macho sasa naiona asubuhi ya pale. Bibi anafukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wa nyasi, ndizi zinatokota chini ya majani ya mgomba, na barazani cherehani inaimba. Kazi yangu ilikuwa kumenya ndizi, na nikimaliza nashika kitambaa upande wa pili kisiburute chini. Mama alishona kaptula za watoto wa shule na magauni ya kipaimara. Watu walileta maharage, kahawa, wengine kuku. Ndivyo tulivyokula.

Kwetu watoto ni wa ukoo wa baba. Baba mdogo, aliyekuwa na nyumba kubwa kule Bugomora, alikuja baada ya msiba akamwambia mama, "Shemeji, nakuachia kwanza. Kahawa ikishavunwa nitarudi. Nikikuta wana wa kaka yangu wanakula na kuvaa, nitakunywa maji niondoke. Nikikuta vingine, nitaondoka nao."

Bibi akamjibu mwanawe kwa sauti, "Wavishe kwanza wako! Kaptula ya mkubwa wako imekaa wazi nyuma kama mlango wa zizi."

Watu walicheka, lakini mama hakucheka. Tangu siku hiyo alishona kama mtu anayekimbizwa.

Baba aliponunua cherehani, mwenye duka alimwambia mama mbele yetu sote kwamba ina garantii ya mwaka mzima. Ikikwama, fundi wake ataitengeneza bure. Sharti lake lilikuwa moja: isipakwe kitu kingine ila mafuta yake, yaliyokuwa kwenye kikopo kidogo chenye mdomo mrefu. Kikopo kile kiliisha, na cherehani ikaanza kulia. Mama alisema siku ya gulio atakwenda kuomba kingine.

Lakini kwa bibi siagi ya ng'ombe ilikuwa dawa ya kila kitu. Mtoto mchanga alipakwa, ngozi ya kulalia ilipakwa, bibi harusi alipakwa mpaka akang'aa. Jumapili moja mama alirudi kanisani akamkuta bibi amekaa mbele ya cherehani, vidole vinang'aa, anaipaka taratibu kila tundu na kila jino. Alikuwa akiisemesha kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti aliyokuwa akimbembelezea mdogo wangu.

"Chombo cha mwanangu hakiwezi kulia namna hii katika nyumba yenye ng'ombe," alisema.

Niliuona mkono wa mama ukienda kwenye kitambaa cha kufutia, kisha ukarudi. Mkamwana hafuti kilichopakwa na mama mkwe wake. Akapiga magoti, akasema, "Asante, mama."

Na kweli cherehani ilinyamaza. Kwa majuma kadhaa ilikwenda laini sana, na bibi alikuwa akitabasamu kila akipita barazani. Kisha baridi ya wakati wa kahawa ikaja. Siagi ikaganda. Asubuhi mpini haukuzunguka mpaka mama aisogeze cherehani karibu na jiko, na pale jikoni majivu na nyuzi vikanasa ndani ya siagi vikawa kama matope. Sisimizi wakaja. Siku moja, akiwa na magauni mengi ya watu, mama aliulazimisha mpini. Tulisikia kitu kikivunjika ndani.

Tulikwenda dukani sote, mama na cherehani kichwani, bibi nyuma na fimbo yake. Fundi alifungua, akainusa, akaangua kicheko.

"Mama, hii unashonea au unapikia?"

Mchuuzi mmoja aliyekuwa barazani akadakia, "Leteni ndizi, mboga imeshaungwa!"

Mwenye duka alikuja akatazama. Hakucheka. Alisema kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko kicheko, "Garantii imekufa, mama. Niliwaambia."

"Mzee, nakuomba," mama alisema. "Hii ndiyo inayonilindia watoto."

"Naelewa. Lakini wenye kiwanda wataniuliza, nami nitawajibu nini?"

Bibi akasogea mbele. "Wajibu kwamba ni mimi. Mikono ni yangu, huyu hana kosa. Sasa tengeneza."

"Shikamoo, bibi. Hata nikitaka, jino la chuma limevunjika, na hapa sina. Mpaka liagizwe Mwanza. Na hilo si la bure."

Bibi alipapasa ukingo wa meza. "Basi ng'ombe aliyetoa siagi atalipa," alisema.

Walibaki na cherehani. Mama alirudi na kifuniko chake cha mbao tu kichwani, kitupu, na aliyekutana naye njiani hakuweza kujua. Hakumlaumu bibi hata kwa neno moja. Bibi ndiye aliyekuwa akisema peke yake, "Nilitaka isilie. Nilitaka isilie tu."

Ng'ombe aliondoka. Nyumba ikakosa maziwa. Wenye magauni walikuja kudai vitambaa vyao, wakaenda navyo kwa fundi mwingine. Kila lori lililotoka Bukoba na mizigo ya meli ya Mwanza mama alilikimbilia, na kila mara utingo alitikisa kichwa. Kahawa ilipokwisha kuanikwa, baba mdogo akafika. Alitazama baraza tupu, akatazama zizi, akanitazama mimi na nguo yangu.

"Shemeji, niongezee mwezi," mama alisema, akiwa amepiga magoti.

"Nikikuongezea mwezi watakula nini? Huyu mdogo bado ananyonya, abaki. Mkubwa naondoka naye."

Hakuwa mtu mbaya, na kwake nilishiba. Bibi alinishika mkono mpaka kwenye njia, hakuweza kunitazama. Mwaka uliofuata aliaga dunia, nami sikumzika.

Cherehani ilitengenezwa baadaye, lakini mtoto akishachukuliwa na ukoo harudishwi. Nilijua kwa sababu mchuuzi wa kahawa aliniletea gauni la buluu, lenye ukosi wa vitambaa vidogo vya kukunjwa. Nililikimbiza chumbani nikalivaa. Halikupita mabegani. Mama alikuwa amelishona kwa umbo aliloliona mara ya mwisho, la mtoto aliyetoka pale mlangoni. Mke wa baba mdogo akamvisha binti yake, akampendeza. La mwaka wa pili pia lilikuwa dogo, na la tatu. Sikumtumia salamu za kumwambia nimekua. Niliona haya, na niliogopa ataacha kushona.

Sasa nimerudi kwenye kile kibanja. Migomba imeota hadi mahali palipokuwa baraza, na zizi ni majani matupu. Mama amezeeka, macho yake hayatungi tena uzi kwenye sindano. Jioni hukaa karibu yangu, hunishika bega, hulipima kwa kiganja chake, kisha huliachia.