Siku Niliyouharibu Utani

Siku ninayoikumbuka kuliko hata ya harusi yangu, mwanangu, ni siku ya baraza la kuhama, kijijini kwetu karibu na Tura, enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimemaliza shule Tabora nikarudi nyumbani na kaptula ya kaki, nikingoja kazi ya ukarani bomani. Kazi ikachelewa. Kila jioni nilijiuliza nimekosea wapi: labda nilimsalimu vibaya karani mkuu, labda nilicheka mahali pasipostahili. Mtu mwenye wasiwasi wa namna hiyo ni rahisi kumtumia.

Malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o wa porini, ilikuwa imeingia kwetu, na serikali ikataka tutoke porini, tukakae pamoja mahali palipofyekwa, kando ya bwawa. Mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, akaniita.

"Wewe umesoma. Simama useme pale panafaa. Bwana Shauri atakuwepo, atakusikia."

Atakusikia! Bwana Shauri ndiye Mzungu wa wilaya, mwenye kazi zote za bomani mkononi. Neno hilo moja lilinitosha.

Aliyepinga alikuwa Mzee Ndahani, Mgogo aliyehamia kwetu na ng'ombe wake kabla sijazaliwa. Unajua sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani, tangu babu zetu walipopita kwao na mizigo wakienda pwani. Nilipozaliwa, yeye ndiye aliyesimama mlangoni kwa mama akatangaza kwamba mtoto ana sura mbaya, na kwamba yeye mwenyewe hatanyamaza mpaka apewe kuku. Akapewa. Tangu hapo aliniita Mtoto Mbaya, nami nikimwona njiani nilimkimbilia.

Barazani alisema maneno machache. "Kuhama sikatai. Ila lile bwawa hukauka kiangazi. Wachimbe visima kwanza, ndipo tuhame."

Nilijua anasema kweli. Utotoni nilichunga mbuzi kule, nikacheza juu ya matope yake yaliyopasuka. Lakini Bwana Shauri alikuwa ananitazama, basi nikasimama.

"Mmemsikia mzee? Anataka tubaki porini tuugue malale mpaka tufe!"

Hakuwa amesema hivyo. Alipofungua mdomo kunisahihisha, nikaingiza utani. "Mtani wangu, kwenu mvua ikinyesha watu huulizana ni kitu gani kinachoanguka. Leo wewe ndiye wa kutufundisha habari za maji?"

Baraza zima likaangua kicheko. Bwana Shauri akatafsiriwa maneno yangu, naye akacheka. Na mtani hakasiriki, akikasirika, ameshindwa. Kwa hiyo mzee naye ilimbidi acheke.

"Haya, Mtoto Mbaya, umenipata. Lakini hayo maji..."

Alipotaja maji tu, watu wakacheka upya. Mmoja akapaza sauti, "Mpeni kata moja ya maji anywe, asije akatuzimia hapa!" Mzee akajaribu tena, wakacheka tena. Akaketi, akajifunika shuka lake mabegani kama mtu anayesikia baridi.

Tukahama. Kiangazi kilipofika bwawa likakauka, na wanawake wakawa wanakwenda hadi stesheni kuomba maji ya tangi la treni. Mama yangu alianguka njiani na mtungi wake akavunjika nyonga. Tangu hapo alitembea akiburuta mguu. Hakunilaumu kamwe. Labda hakujua kilichotokea barazani. Labda alijua. Mpaka leo sijaamua lipi kati ya hayo linaniumiza zaidi.

Kazi ya bomani niliipata.

Miaka ikapita, mama akafariki. Ndahani akaja, mzee sana sasa. Msibani, mtani ndiye anayewafuta watu machozi kwa mizaha: hujilaza kaburini, akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Watu wakamngoja aanze. Yeye akashika jembe, akachimba kwa nguvu alizokuwa nazo, akanawa mikono, akakaa kando. Nikamfuata.

"Babu, hata leo hunitanii?"

"Nilikuja na mzaha wangu, mjukuu wangu. Mama yako angeupenda. Lakini nikikuona wewe, naogopa jinsi utakavyoutumia."

Mama yangu akazikwa kimya.

Mwanangu, kwa miaka mingi nilijitetea kwamba ule ulikuwa utani tu, na kwamba hata yeye alicheka. Usijitetee hivyo. Ukibishana na mtu mbele ya watu, lijibu lile alilolisema, kwa maneno yake mwenyewe, si kwa yale uliyomtungia. Ukijikuta unatafuta kabila lake, umri wake au kwao alikotoka, nyamaza kwanza ujiulize: je, si kwamba tayari unajua anasema kweli, ila unaogopa kushindwa? Mimi nilijua. Na watu wakicheka upande wako, usihesabu kwamba umeshinda. Wao hucheka wakaenda zao, na maji yakabaki hayapo. Kama umekwishakosea, mfuate mtu huyo kesho yake asubuhi. Usingoje msiba kama mimi.

Mungu akupe kinywa kisichomwonea mtu. Akupe moyo wa kusema "umesema kweli" mbele ya wale unaotaka wakusifu. Na siku utakapomzika mama yako, mtani wako ajilaze kaburini, akutukane sura yako mbaya, mpaka ucheke huku unalia.