Mtungi wa Kompyuta

Kompyuta yetu ilikuwa na ugonjwa wa joto. Asubuhi ilikuwa nzima, ukiiwasha inaamka vizuri, lakini jua likishakaa sawasawa juu ya bati, herufi zinaganda kwenye kioo na hakuna kitufe kinachosaidia. Mwalimu aliyeleta mtihani wake ananitazama, nami namtazama yeye, kisha namwambia arudi jioni. Wengine walirudi. Wengine walikwenda kwa mpiga taipu wa karibu na soko, mwenye mashine ya zamani ya kugonga kwa mkono, ambayo haikuwa na habari na jua.

Ilikuwa miaka ya tisini, Ifakara, mtaa wa Viwanja Sitini. Mume wangu alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya mashamba ya miwa, na mimi nilibaki huku na watoto. Alikuwa anakuja kila mwisho wa mwezi, analala, anaondoka. Watoto walimjua kama mgeni anayeleta sukari. Mdogo wetu akimwona anaingia alikuwa anakimbilia kuleta kiti, kama tulivyomfundisha kuwafanyia wageni, na mume wangu alikuwa akikaa kwenye kile kiti kama mgeni kweli. Kazi zilipopunguzwa naye akawa mmoja wa waliorudishwa nyumbani, majirani walikuja kutupa pole. Nilizipokea kwa uso wa huzuni. Moyoni nilikuwa nashangilia.

Kwa kiinua mgongo chake tulinunua kompyuta iliyokwishatumika Dar es Salaam, pamoja na printa, tukageuza chumba cha mbele kuwa ofisi. Mimi nataipu, yeye anatengeneza friji na redio za watu kibarazani. Hatukufikiria jirani. Jirani yetu alikuwa mashine ya kukoboa mpunga. Ilikuwa inanguruma tangu asubuhi, na vumbi la pumba lilikuwa linaingia kwenye chai, kwenye nywele, na ndani ya kompyuta. Humo ndani kuna feni ndogo inayokaa juu ya ubongo wa kompyuta kuupoza. Pumba iliifunga ile feni mpaka ikasimama. Tukaagiza nyingine Dar kwa dereva wa basi, nayo ikasimama. Ya tatu ilipofika haikuwa ya saizi yake. Nilikaa chini nikaishika mkononi, kitu kidogo namna ile, na nikajisikia nimechoka mwili mzima.

Wakati huo huo zikaja salamu kutoka Uchindile. Mtu mmoja waliyefanya naye kazi kwenye miwa alikuwa sasa msimamizi kwenye mashamba ya miti, na alimtaka mume wangu akawe fundi wa mitambo ya kupasulia mbao. Kazi ilikuwa nzuri, ila makazi yalikuwa ya kambini, hayana nafasi ya mke wala watoto. Alitaka jibu kabla ya Krismasi.

"Kompyuta ikivuka joto hili, siendi," mume wangu aliniambia. "Ikifa, mama watoto, tutakula nini?"

Nilijua tu kwamba sikuwa na nguvu ya kuanza tena kumsubiri mtu wa mwisho wa mwezi.

Wazo la maji lilimjia kibarazani, akimtazama dereva wa Land Rover aliyesimama barabarani kujaza rejeta. Aliingia ndani akaniambia gari linapozwa kwa maji, na injini yake ina moto kuliko kompyuta yoyote. Kwa nini hii yetu isipozwe hivyo hivyo?

"Maji na umeme?" nilimwuliza. "Umeona nimebakiza kitu gani kingine cha kuharibu?"

Alicheka, akaenda kwa wauza vyuma chakavu. Alirudi na pampu ndogo ya gari, ile inayorusha maji kwenye kioo cha mbele. Kwenye friji bovu la kibarazani alikata bomba jembamba la shaba. Alilikunja, akalibapiza kidogo kwa nyundo, akaliunganisha kwa risasi ya kuchomelea juu ya kipande cha shaba alichokuwa amekisugua kwa msasa mpaka kikanyooka kama kioo. Kipande hicho ndicho kingelala juu ya ubongo wa kompyuta. Maji yapite kwenye bomba, yachukue joto, yatoke nalo. Kati ya shaba na ubongo alipaka mafuta meupe ya vipele vya watoto, kwa sababu alisema hewa ikibaki hapo katikati, joto halipiti. Maungio yote aliyafunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, maana Ifakara hakuna kinachovuja ambacho tyubu ya baiskeli haijajaribiwa.

Ilibaki swali la mahali maji yatakapopoa. Hapo nilimsaidia mimi. Nilimwambia maji ya ndoo yanachemka na chumba, lakini maji ya mtungi hayachemki hata mchana. Tukanunua mtungi mpya kwa wafinyanzi sokoni. Tuliukalisha kwenye mchanga mbichi kwenye kona ya ofisi, tukauvika gunia lililoloweshwa. Bomba moja lilichota maji humo na jingine liliyarudisha. Lile la kuchota alilikatisha kabla halijafika chini, akiogopa tope la mtungini lisije likaziba pampu. Pampu ilikuwa inakula umeme wa betri ya gari iliyokaa chini ya meza. Siku nzima aliujaribu mfumo huo mezani, nje ya kompyuta, na magazeti yametandikwa chini. Ulivuja. Akachomelea upya. Ukavuja pengine. Akachomelea tena, na mimi nilikuwa nimeacha kutazama, nimegeukia ukuta nakunja nguo.

Lakini ulifanya kazi. Aliufunga ndani, akaziba mianya yote ya kompyuta kwa vitambaa ili pumba isipate njia, na mchana wa jua kali nilitaipu barua ya parokia mwanzo mpaka mwisho bila kioo kuganda. Nililia kidogo. Mume wangu alidhani ni vumbi.

Nisiseme uongo, mzigo wenyewe haukupungua, ulibadilika tu. Sasa kompyuta ilikuwa inanyweshwa kama ng'ombe. Mtungi unapoza kwa kutoka jasho, na kila jasho ni maji yanayopungua, hivyo kila asubuhi kabla ya chai ya watoto nilikuwa naujaza. Ukikaa siku chache maji yanaota utelezi wa kijani, unayamwaga, unasugua, unachuja mengine kwa kanga. Halafu wateja. Mtu ameingia na jua, ameuona mtungi pale konani, mimi naondoka kumletea maji ya jikoni. "Dada, mbona unajitesa, si haya hapa?" Nilieleza mpaka koo likakauka. Wengine walipoona bomba linatoka mtungini linaingia kwenye sanduku, walisema tumepewa dawa na mganga ya kuvuta wateja. Ningependa kumjua huyo mganga. Mume wangu aliweka kifuniko na juu yake jiwe, na tukaendelea hivyo, mpunga unakobolewa, mtungi unatoka jasho, na mimi nataipu mitihani na matangazo ya ndoa za watu waliokuwa na nguvu ya kufunga ndoa.

Desemba ilipoingia, mama mkwe alikuja kutoka Sanje na ndizi zake. Nilimwamkia, nikampokea mzigo, naye mwanawe akamwonyesha ule mtambo. Alisikiliza vizuri. Aligusa bomba la kurudi akasikia lina uvuguvugu.

"Kwa hiyo hii nayo ina homa?"

"Ndiyo, mama. Maji hayo ni yake, tusiyaguse," mwanawe akamjibu.

"Maskini," alisema, akaufunika mtungi mwenyewe kwa heshima.

Ndipo maji ya bomba yakakatika mtaani. Siku ya kwanza tulitumia akiba. Siku ya pili mitungi ya jikoni ilikauka, na ule wa kompyuta nao ulikuwa umeshuka, nikasema nikimaliza kazi iliyoko kwenye printa nitakwenda kisimani. Asubuhi hiyo hiyo mume wangu alikuwa ameniambia kwamba akija mtu wa Uchindile atamjibu hapana. Alilisema jambo hilo akiwa anavaa shati, hivi hivi, kama anaomba chumvi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama peke yangu nikamshukuru Mungu.

Msimamizi alifika saa sita mchana, yeye na wenzake wawili, wametembea kutoka stesheni ya reli. Walikuwa wamelowa jasho mgongo mzima. Mgeni wa namna hiyo huwezi kumpa jibu lako mlangoni. Mume wangu alitoka kutafuta soda. Mimi nilikwenda uani kuchinja kuku. Printa niliiacha inachapa mitihani, na mama mkwe nikamwacha na wageni.

Nilimsikia akiwauliza habari za huko. Kisha nikasikia mmoja akisema, "Mama, tunaomba maji." Mimi nilikuwa nimeinama kwenye moto nambabua kuku, sikufikiria lolote. Nilikuja kuelewa baadaye, mama mkwe aliponieleza mwenyewe bila wasiwasi, maana hakuona alichokosea. Alikwenda jikoni akakuta mitungi mikavu. Alirudi, akaliondoa jiwe, akawachotea. Walikunywa, wakaomba tena. Kisha akawamiminia na ya kunawa uso na mikono, kwani alikuwa ameshaona kuku na kujua watakula.

"Mgeni atoke juani na kiu yake, nimwambie maji ni ya sanduku?" aliniambia. "Sanduku halina koo, mwanangu. Mtu ndiye ana koo."

Naye hakuwa mtu wa kuchukua bila kurudisha. Aliwaaga wageni, akabeba ndoo, akaenda kisimani kutafuta maji ya kulipia yale. Kisimani kulikuwa na foleni ya mtaa mzima.

Maji yalikuwa yameshuka chini ya mdomo wa bomba. Pampu ilivuta hewa. Wageni waliisikia inakoroma wakadhani ndivyo ilivyo, na kelele ya mashine ya mpunga ilifunika iliyobaki. Harufu ya kuungua mimi niliisikia. Niliinusa nikasema ni manyoya ya kuku, nikamgeuza upande wa pili.

Nilipoingia kuandaa meza, kioo kilikuwa cheusi na printa imesimama katikati ya karatasi. Niligusa sanduku nikaondoa mkono haraka. Vile vitambaa tulivyozibia mianya kuzuia pumba vilikuwa vimezuia na joto lisitoke. Mume wangu aliingia na soda zake. Aliutazama uso wangu, akautazama mtungi ulio wazi. Aliziweka soda mbele ya wageni, akawafungulia, akawakaribisha, kisha akainama chini ya meza akachomoa waya za betri. Alijaribu kuiwasha kompyuta mara moja, mara ya pili. Haikuwaka, na haikuwaka tena maishani mwake.

Mama mkwe aliingia na ndoo kichwani, maji yanamdondokea shingoni, anahema. Mwanawe alimtua ndoo.

"Nimechelewa? Watu ni wengi kule. Mimina basi, isije ikazidiwa."

Nilifungua mdomo. Mume wangu alinitazama mara moja tu, nikaufunga.

"Hujachelewa, mama," alisema. "Imezeeka yenyewe. Ilikuwa inakuja kufa tu." Akayamimina maji mtungini taratibu, mpaka juu, mama yake akitazama.

Tulikula. Niligawa kuku, msimamizi akapewa firigisi, akausifu mkono wangu. Aliponawa alimgeukia mume wangu akamwuliza amefikia wapi. Mume wangu alikuwa anatafuna mfupa uliokwisha nyama. Alisema atamfuata kesho kwa treni. Mdogo wetu alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia, akaondoka kwenda kucheza, hakulia wala kuuliza, na hilo liliniumiza kuliko kama angelia, kwa sababu alikuwa anaijua hali hiyo na alikuwa ameirudia kama mtu anayerudi kwake.

Siku ya pili nilimfungia mume wangu mashuka na ndizi za Sanje. Mkwe wangu nami tulimsindikiza mpaka stesheni. Treni ilikuja imejaa, akaning'inia mlangoni, akapunga, ikaondoka. Njiani kurudi mama mkwe alikuwa mwepesi wa furaha, anatembea mbele yangu kwenye vumbi kama msichana. Mwanawe alikuwa amepata kazi ya maana kwa watu wakubwa, na aliona kwamba yeye mwenyewe alikuwa na mkono katika jambo hilo.

"Wale watu walikuja na kiu," alisema. "Tungewanyima maji, wangemchukua? Wema hauozi, mwanangu."

Jua lilikuwa limetusimamia utosini. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimechoka mno hata kuwa na hasira, na alikuwa mzee, na alikuwa anafurahi.

"Kweli, mama," nikamjibu. "Hauozi."